Meza ya Wageni na Mkono wa Rehema

Kaa vizuri kwanza. Ndiyo, wewe. Najua ulivyokaa: mgongo umejikunja, shingo umeitupa mbele, laptop iko mapajani, na mguu mmoja umeukalia. Sihitaji kukuona. Nimechapa miaka thelathini na moja kwenye ofisi moja ya mawakili hapa Moshi mjini, na mingi kati ya hiyo nilikuwa mkuu wa chumba cha wachapaji, kwa hiyo mtu aliyekaa vibaya namjua hata nikiwa chumba cha pili, kwa namna tu anavyogonga herufi. Shusha huo mguu. Weka nyayo zote mbili sakafuni. Ukishakaa ndipo uendelee kusoma, na kama hutaki, acha. Mimi sibembelezi mtu.

Naitwa Bi Mwanaidi. Nimestaafu, naishi Shirimatunda, nina migomba yangu michache na kuku wasiosikia la mtu. Binti mmoja mwenye duka la fotokopi ndiye aliyenisihi niwaandikie ninyi mnaoanza kazi za kompyuta. "Bibi, waandikie yale ya zamani, taipureta, karatasi za kaboni, tucheke kidogo." Kucheka kupo, mtacheka. Lakini mwaka huu nina hasira, mwanangu, hasira ambayo hata swala ya alfajiri haijaitoa yote, na lazima niiseme.

Hasira yenyewe inamhusu Rehema, mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa kwanza. Alikuja kujifungulia kwangu kama ilivyo desturi, akapata mtoto wa kike, Yusra. Arobaini ilipoisha nikamwambia akae tu, kwa sababu mumewe Bakari yuko Chekereni kwenye mpunga na huja Ijumaa kwa Ijumaa. Rehema ana kazi. Anasikiliza mikutano ya watu iliyorekodiwa, anaandika kila neno lililosemwa, anatuma Dar es Salaam. Waajiri wake walimletea laptop kwenye boksi, wakamwambia kazi utafanyia nyumbani. Mashine wakampa, meza na kiti akajitafutie. Enzi zetu hata wakili bahili kuliko wote alijua kwamba ukimwajiri mchapaji unamnunulia na kiti. Hawa wa siku hizi wameona wamwachie mtu gharama ya mgongo wake mwenyewe, halafu wanamwambia ana uhuru wa kufanya kazi popote. Uhuru gani huo? Mxiu!

Basi Rehema akajitafutia sofa. Mnazijua sofa zetu, ukikaa unazama mpaka magoti yanakaribia kidevu. Laptop mapajani, mtoto ubavuni, shingo chini. Akichoka anaihamishia kwenye stuli ya chai, ambayo ni fupi, kwa hiyo anakunjika zaidi. Saa nne, saa tano kwa siku, na mtoto akilala anaongeza.

Watangazaji wa redio wanaiita kompyuta mpakato. Ya kupakata, wallahi! Vinavyopakatwa ni mtoto na ungo wa mchele. Ile ni mashine, inataka meza.

Ngoja niwaambie mimi nilifundishwa vipi, ndipo mtaelewa kwa nini nimekasirika hivi, na nimemkasirikia nani.

Nilianza kazi nikiwa na miaka kumi na tisa. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, Mnyamwezi aliyelowea Moshi, na mama yangu mtu wa Mwika aliyesilimu alipoolewa. Nilijiona msomi kwa sababu nilijua kuchapa bila kuangalia herufi. Nikapelekwa kwa Bi Gulbanu, mama wa Kiismailia aliyekuwa mkuu wa chumba wakati ule. Mfupi, miwani yenye mnyororo, Kiswahili chake cha mjini kimenyooka na kikali. Nikampa shikamoo, akaitika, akaniambia, "Kaa."

Nikakaa.

"Simama. Kaa tena."

Nikakaa tena. Asubuhi nzima, jamani! Sikugusa mashine. Alikunja gunia la kahawa akaniwekea chini ya makalio ili ninyanyuke. Miguu ikaning'inia, akaleta tofali lililofungwa kitambaa, akaliweka chini ya nyayo zangu. Akaniambia nitandaze mikono juu ya mashine kama ninayeanza barua, kisha akachukua penseli akailaza kwa kukingama juu ya mkono wangu, kati ya kiwiko na kifundo. Penseli ikabingirika kuelekea kiwikoni, ikaanguka.

"Bado uko chini," akasema. Akaongeza gunia la pili. Penseli ikatulia.

Wale wachapaji wengine walikuwa wanacheka chini kwa chini. Mimi machozi yalinilenga. Nilijua kwetu watauliza siku ya kwanza nimechapa barua ngapi, na jibu ni kwamba nilikalia magunia.

"Mwanaidi," akaniambia, "barua ni ya wakili. Mgongo ni wako. Jioni barua inabaki hapa, mgongo unaenda nao nyumbani."

Hiyo penseli jaribuni leo hii, msingoje kesho. Kama inabingirikia kiwikoni, umekaa chini mno au meza iko juu mno. Kama inabingirikia vidoleni, umekaa juu mno. Ikitulia, mkono umelala sawa. Hakuna cha kununua hapo, penseli tu.

Bi Gulbanu alikuwa na lingine lililotuudhi sana. Trei ya barua zilizokamilika aliiweka mwisho wa chumba, karibu na mlango. Ukimaliza ukurasa, lazima unyanyuke ukaupeleke. Siku moja nikajitia ujanja, nikaisogeza trei karibu na meza zetu kwamba nawasaidia wenzangu. Mama yule alirudi kutoka kwa wakili, akaiona.  Aliibeba trei akaipeleka mbali zaidi, nje ya mlango, barazani. Wiki nzima tulikuwa tunatoka nje na kila ukurasa, na wenzangu hawakunisemesha. Pale barazani alitaka usimame kidogo uangalie mbali. Kama Kibo iko wazi uangalie Kibo. Kama kuna mawingu, uangalie mawingu. Nilidhani ni mateso ya wakubwa. Nimekuja kuelewa baadaye kwamba ndiyo sababu nilistaafu nikiwa na macho yangu na shingo yangu.

Halafu taipureta yenyewe ilikulazimisha upumzike, utake usitake. Ukifika mwisho wa mstari unarudisha gari la mashine, lile linaloshika karatasi, kwa mkono. Karatasi ikiisha unatoa, unapanga kaboni, unaingiza nyingine. Utepe ukikwama unainuka unachafuka vidole. Laptop haikwami. Inakupa ukurasa baada ya ukurasa, haina mwisho, na wewe umekaa palepale umeganda toka chai ya asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri. Kwa hiyo ni wewe wa kujiwekea trei yako mbali. Maji ya kunywa weka jikoni. Simu chaji chumba cha pili. Kila nusu saa tafuta sababu ya kuinuka, hata kama ni kumfukuza kuku.

Msifikiri mimi sikuwahi kufanya upuuzi. Kompyuta ya kwanza ilipofika ofisini, bosi alikuwa ameipenda kuliko watoto wake. Akasema haiwezi kuwekwa kwenye meza za kawaida, zimechafuka wino. Ikawekwa juu ya kaunta ya mapokezi, wateja waione, ikavalishwa kitambaa cha kufuma. Kaunta inanifika kifuani. Wakati huo Bi Gulbanu alikuwa ameshahama na wanawe, na mkuu wa chumba ni mimi. Mimi niliyekalia magunia! Nilichapa miezi mitatu mikono imeinuliwa juu kama naanika nguo, mabega yanawaka moto, na sikusema kitu, kwa sababu ilikuwa heshima kuwa mtu wa kompyuta. Nikaenda kuchuliwa. Nikanywa dawa za maumivu. Haikunijia hata siku moja kwamba kaunta ndiyo inayoniua.

Na viti vya magurudumu je? Vililetwa viwili, mimi na bosi. Sakafu yetu ilikuwa ya saruji nyekundu iliyopigwa nta mpaka unajiona. Nilijifanya bibie, nikashika sketi, nikakaa bila kuangalia nyuma. Kiti kikaondoka zake. Mimi nikabaki chini, na bosi ndiyo kwanza anatoka na mteja wa heshima.

"Bi Mwanaidi," akasema, "kuna kilichoanguka?"

"Ni mimi, bosi."

Nikarudia kiti changu cha mbao. Kiti kizuri si lazima kizunguke. Kitulie, kikushike kiunoni, basi. Kama hakishiki, kunja kanga iwe duara, uiweke pale mgongo unapoingia ndani. Kanga mnazo kabati zima.

Sasa laptop. Sikilizeni kosa lake, maana wauzaji hawawaambii. Kompyuta ile ya zamani skrini ilikuwa peke yake na kibodi peke yake. Laptop wamevishona pamoja. Ukiiweka chini mikono ipate raha, shingo inainama. Ukiinyanyua shingo ipate raha, mikono inaning'inia. Haina namna ya kukutosheleza kote kuwili, hata ungekuwa nani. Dawa yake ni kuvitenganisha. Inyanyue laptop juu ya vitabu vikubwa au boksi gumu, mpaka ukitazama mbele macho yakutane na sehemu ya juu ya skrini. Kisha chomeka kibodi nyingine na mausi, viweke chini mezani, viwiko vikae karibu na mbavu, vifundo vya mikono vinyooke, visiegemee ukingo wa meza. Dirisha liwe ubavuni, lisiwe mbele ya macho wala nyuma ya kisogo. Herufi kuza. Kukuza herufi si uzee, ni akili. Na kama kibodi ya pili huna, basi angalau kaa mezani, na usikae muda mrefu.

Hayo yote nilikuwa nayajua. Nilikuwa nayajua kama ninavyojua Fatiha. Sasa rudini kwangu Shirimatunda, mwone mjuzi alifanya nini.

Rehema alianza kulalamika kwamba vidole vinakufa ganzi. Kidole gumba, cha shahada na cha kati, mkono wa kulia. Akiamka anaukung'uta mkono kama mtu aliyeloa maji. Nami nilimwambiaje? "Ni kuchoka tu. Sisi tulichapa mikataba ya kurasa sitini kwa mashine za chuma. Ninyi mnagusa tu mnasema mnaumia. Vumilia." Neno langu hilo, wiki tatu nzima. Vumilia, Rehema. Uzazi huo, utapita, vumilia.

Jirani yangu Mama Aikande, mtu wa kwetu Mwika, akaja na samli ya kumchua. Akamchua kwa nguvu zake zote za kubeba mikungu ya ndizi, binti analia. Ikazidi. Mama Aikande akamwangalia alivyokaa kwenye sofa na laptop yake, kisha akaangalia upande wa pili wa sebule.

"Yeleuwi! Mama, huyu mtoto mbona anajikunja hivi na meza ile pale?"

"Ile ya wageni," nikamwambia.

"Eee, kweli," akasema. "Ya wageni."

Tukanywa chai. Wanawake wawili wazima, na hakuna kati yetu aliyeona tumesema ujinga.

Lazima niwaeleze kuhusu meza hiyo, ingawa wengi wenu mnayo kama hiyo kwa mama zenu. Ni ya mninga, ina viti sita. Niliitengenezesha kwa fundi nilipostaafu. Juu ina kioo, juu ya kioo kitambaa nilichofuma mwenyewe, juu ya kitambaa maua ya plastiki. Viti vina nailoni yake ya dukani mpaka leo, yaani mpaka juzi. Wanangu wakija Idd kutoka Dar na Arusha na wake zao, wanakaa hapo wanakula pilau. Siku moja, au mbili. Siku nyingine zote za mwaka tunakula kwenye sofa, sahani mapajani, tunaipita meza kwa ubavu tusiikwaruze. Ndivyo tulivyo watu wa huku. Kitu kizuri cha nyumba ni cha mtu ambaye hayupo.

Asubuhi moja, nipo uani nawamwagia kuku pumba, nikasikia Rehema amepiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake. Nikakimbia na bakuli mkononi. Nikamkuta amepiga magoti mbele ya sofa. Yusra yuko juu ya mito, amelala chali, analia mpaka amekuwa mwekundu. Alikuwa ametoka kumwogesha. Alimnyanyua kwenye taulo, mkono wa kushoto shingoni, wa kulia chini ya makalio, na alipofika mbele ya sofa mtoto akamponyoka.

Hakuanguka sakafuni. Alhamdulillahi, elfu na elfu. Hatua moja nyuma angekuta saruji.

"Sikumwachia, bibi," Rehema akawa anasema, anarudia, "sikumwachia mimi. Mkono ndio umemwachia. Sikuusikia kabisa."

Nikamchukua Yusra, nikamkagua kichwa, mbavu, miguu. Mzima. Nikataka kumpa mama yake amnyonyeshe. Rehema akarudi nyuma, mikono ameificha kwapani.

"Mshike wewe, bibi. Mimi namwogopa."

Mtoto wa miezi mitano, na mama yake anamwogopa! Hapo ndipo ubongo wangu uliporudi kichwani. Siku mbili alimnyonyesha akiwa amelala tu kitandani, mimi nimemshika mtoto. Hakumnyanyua tena. Mtoto akilia, ananiita mimi.

Tukaenda hospitali. Tukapelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana mpole, akaniamkia vizuri. Akamwambia Rehema akunje viganja, migongo ya mikono ikutane, atulie hivyo. Haikupita dakika, binti akasema vidole vinachomwa. Akampimia nguvu za kidole gumba. Akakitazama kile kinofu kilicho chini ya gumba, kiganjani, akalinganisha cha kulia na cha kushoto. Hata mimi niliona. Cha kulia kilikuwa kimeanza kubonyea.

"Mshipa wa fahamu unabanwa hapa kwenye kifundo," akasema. "Mwanamke aliyetoka kujifungua huwa mwepesi kupata hili. Lakini kazi unayofanya, na namna unavyokaa, vinaongeza. Na shingo yako imekaza kama ubao. Unafanyia kazi wapi?"

"Kwenye sofa, daktari."

"Nyumbani hakuna meza?"

Rehema akainamia viganja vyake. Hakunitazama. Mimi nilikuwa palepale, kwenye kiti cha pembeni, nimempakata Yusra.

"Hakuna," akasema.

Sikilizeni. Nimetukanwa na mawakili. Nimeng'olewa ukucha na taipureta. Nimeanguka mbele ya wateja. Hakuna kilichowahi kuniumiza kama neno hilo moja. Kwa sababu mwezi mmoja kabla, Rehema alikuwa amejaribu. Nilirudi kutoka sokoni nikamkuta ameweka laptop juu ya meza ya mninga, amesukuma maua kando, ameketi kwenye kiti kile cha nailoni, amenyooka mgongo vizuri kabisa. Na nilisema nini, mimi mwanafunzi wa Bi Gulbanu? "Rehema! Utakwaruza kioo. Hapo si pa kazi, hapo pa wageni." Akainuka. Akarudisha maua mahali pake, akarudi kwenye sofa. Sasa mbele ya mtaalamu ananifichia aibu, na kidole chake kinakufa.

Na mimi nikanyamaza. Hilo ndilo sijajisamehe. Nilikuwa na mdomo, nikanyamaza.

Kijana akasema basi mtafute hata meza ndogo. Akampa kifaa cha kufunga kifundo wakati wa kulala, akamwonyesha mazoezi, akamwambia aache kuchapa wiki kadhaa kwanza. Akasema pia, taratibu, kwamba tungekuja mapema zaidi ingekuwa afadhali.

Tulipofika nyumbani sikuvua hata baibui. Maua ya plastiki nikayatupia uani kwa kuku. Kitambaa nikakivuta. Kioo kile tulikibeba na Mama Aikande, tukakiegemeza nyuma ya kabati. Nikachukua kisu cha jikoni nikaichana nailoni ya viti, vyote sita, inatoa sauti ile ya kukera, naichana na naongea peke yangu. Mama Aikande akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia upo, nimeshauona, nisaidie kusogeza hii meza dirishani.

Meza ilikuwa juu kidogo kwa Rehema. Nikampimia penseli. Nikakunja blanketi, nikalitandika kitini, nikampimia tena. Miguuni nikamwekea tofali, nikalifunga kanga kuukuu. Laptop nikaiweka juu ya misahafu... astaghfirullah, hapana, juu ya vitabu vyangu vya sheria nilivyopewa nilipostaafu, vinne, vinono, vimepata kazi kwa mara ya kwanza. Bakari alipokuja Ijumaa alileta kibodi na mausi kutoka mjini. Rehema alipoanza tena kuchapa, alianza kidogo kidogo, na mimi nikawa trei. Kila nusu saa namwita uani aje anisaidie jambo ambalo halipo.

Idd ikafika. Mwanangu mdogo akaingia na mkewe kutoka Dar, viatu vinang'aa, akaangalia sebule.

"Mama, meza imekuwaje? Tunakula wapi?"

"Mkekani."

"Sisi? Mkekani? Siku ya Idd?"

"Kwani mkeka wa Idd una miiba? Babu yako alikula mkekani maisha yake yote. Meza ina mtu, ana kazi ya kutuma kesho. Vua viatu."

Akanitazama kama nimerukwa na akili. Mkewe, Mungu ambariki, ndiye aliyekaa wa kwanza. Tulikula pilau chini, tukasaza, hakuna aliyekufa.

Kwa hiyo ninyi vijana, hasira yangu ya kwanza ni kwenu: acheni kulalia vitanda na laptop tumboni, na mkono ukianza ganzi msingoje mtu awape ruhusa ya kuumwa. Hasira ya pili ni kwa hao wanaowapa mashine bila kiti. Waombeni. Waombeni kwa barua, mnajua kuchapa. Na hasira ya tatu, kubwa kuliko zote, ni kwetu sisi wazee tulio na meza. Mama yako akikukatalia ya kwake, msomee haya. Akikasirika, mlete kwangu Shirimatunda, tutakasirika wote.

Mwezi uliopita tulirudi kwa yule kijana. Safari hiyo Rehema alimbeba Yusra mwenyewe, kwa kumfunga mgongoni. Kijana akampima tena, akatabasamu.

"Ganzi imepungua sana. Shingo nayo imelegea. Naona mmepata meza."

Rehema akafungua mdomo. Nikamwahi.

"Hatujapata," nikasema. "Ilikuwepo. Siku ile alipokwambia hakuna, ilikuwepo sebuleni, ya mninga, na viti sita. Mimi ndiye niliyemkataza."

Kijana akaacha kuandika. Hakunilaumu, na ningependa angenilaumu. Aliinamisha macho kwenye makaratasi yake, kisha akamweleza Rehema kwamba nguvu ya kidole gumba haijarudi yote, kwamba aendelee na mazoezi, na kwamba huenda kiasi fulani kisirudi.

 Rehema alinyoosha mkono akanishika wangu. Alinishika kwa ule wa kulia, akabana kwa nguvu zake zote, nami nikasikia kidogo tu.